Daftari la mguu wa kushoto

Jumatatu, 2 Februari

Mkanda wa kiatu cha kushoto umekatika saa nne na nusu asubuhi, katikati ya somo la desimali. Nilikuwa nimesimama ubaoni tangu saa mbili. Vipindi viwili vilivyobaki nimefundisha na kandambili za mpishi wa shule. Ya kulia ilipwaya, ya kushoto ilibana.

Jioni nimepita kwa fundi viatu, huku Ngamiani. Amekigeuza kiatu, kisha akautazama mguu. "Mwalimu, kiatu hiki hakina kosa. Mguu ndio umeongezeka." Ameshona, na nimemwona akikata mkanda mpya mrefu kuliko wa zamani.

Usiku nimeutazama mguu kwa taa. Alama ya soksi imezama kama uzi uliofungwa kwenye mkate. Juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, ngozi ni nyeusi kuliko kwingine, ngumu, inang'aa. Imekuwa hivyo miaka, nami nikidhani ni makovu ya mbu.

Jumanne, 3 Februari

Ofisini walimu wameupa mguu wangu majina matatu: presha, matende, na kitu nilichokanyaga. Shangazi kwenye simu ameshikilia hilo la tatu. Anasema nimetegewa mlangoni, na anamjua aliyetega. Nimemwomba asimtaje mtu.

La matende ndilo lililonikaa moyoni. Mtu wa Tanga hulijua neno hilo kabla hajajua kusoma.

Kwenye duka la dawa nimeuziwa vidonge vya kukojoza maji, bila mtu yeyote kuutazama mguu wenyewe.

Jumatano, 4 Februari

Nimemeza kidonge kimoja asubuhi. Nimetoka darasani mara nne kabla ya mapumziko. Mara ya tano nimeshika meza kwa kizunguzungu na kiranja akaniletea kiti. Jioni mguu uko vilevile. Maji yaliyotoka yalikuwa ya mwili mzima. Ya mguuni yamebaki pale pale.

Alhamisi, 5 Februari

Kliniki. Nimekaa kwenye benchi kuanzia saa moja na nusu hadi saa tano, miguu ikining'inia, na nilipoitwa kiatu hakikuvalika tena. Nimeingia kwa daktari nimekishika mkononi.

Daktari ni binti wa umri wa mwanangu mkubwa. Ameniambia nivue na kile kingine. Nikasema mgonjwa ni mmoja. Akasema, "Mwalimu, huo mzima ndio utakaoniambia mgonjwa amezidi kiasi gani."

Amebonyeza ugoko kwa kidole gumba akihesabu hadi kumi. Alipoondoa, shimo limebaki, kama alama ya kidole kwenye unga wa maandazi uliokwisha umuka. Kisha amefinya ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, pale kinapoanzia. Imeinuka. Amesema mishipa ya limfu ikiziba kwa muda mrefu, kama kwenye matende, ngozi ya pale huwa nene, haishikiki. Na vidole vyangu havijavimba, uvimbe unaanzia kifundoni. Hapo moyo umetulia kidogo.

Amegusa mapigo juu ya nyayo zote mbili, kwa sababu mwenye ateri zilizosinyaa akivishwa soksi ya kubana anaweza kuharibiwa mguu. Amesikiliza moyo, amepima mkojo, ameuliza kama ninatumia dawa za presha. Amesema miguu yote miwili ikivimba kwa pamoja mara nyingi kisa kiko moyoni, kwenye figo, kwenye ini, au ndani ya kidonge chenyewe. Amlodipini, dawa ya presha wanayoitumia wengi, huvimbisha vifundo vya baadhi yao, wakaanza kutafuta mchawi.

Kisha ameuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa. "Mguu huu uliwahi kuvimba ghafla, zamani?"

Nikakumbuka. Mwaka 2007, siku ya 12 baada ya kujifungua mtoto wa tatu. Nilikuwa ndani ya arobaini yangu, nimelazwa, naletewa kila kitu kitandani, sinyanyuki ila kwa haja. Mguu wa kushoto ulivimba hadi pajani, ukawa wa moto, ukauma kama unapasuliwa. Wazee wakasema ni baridi ya uzazi. Nilikandwa kwa maji ya moto wiki tatu. Uvimbe ukapungua, tukashukuru.

Daktari hakumlaumu mtu. Amepaka jeli na kupitisha kifaa cha altrasaundi, akanigeuzia kioo. Alipobana shavu la mguu, damu ilipanda. Alipoachia, ikarudi chini. Haikutakiwa kurudi. Amesema wakati ule bonge la damu liliziba vena ya pajani. Mwili ukaliyeyusha polepole, lakini vali zilizokuwa pale, vile vilango vinavyoizuia damu isirudi, zikabaki makovu. Baada ya kujifungua damu ya mwanamke huganda upesi kuliko siku zake nyingine, na kulala bila kutembea huzidisha. Kipande kingeweza kumeguka kikaenda mapafuni. Nimeishi na hilo miaka yote nikiliita baridi.

Nimepewa kazi: nipime mguu asubuhi na jioni kwa futi ya kushonea, mahali pale pale, niandike. Ndiyo sababu ya daftari hili kuanza kuwa na tarakimu. Leo jioni, juu ya kifundo: kushoto sentimita 29, kulia 23.

Ijumaa, 6 Februari

Somo la mfumo wa damu halikuwa la leo, lakini nimelifundisha. Baiskeli hapa Tanga hazikosi, nikaazima ya mwanafunzi mmoja wa darasa la sita. Nikafungua vali ya tairi na kuonyesha kile kipande cha mpira mwembamba kinachofunika tundu: upepo unaingia, hautoki. Nikakivua, upepo ukarudi wote. Darasa limeelewa. Kipande kikaanguka kati ya madawati na hakikuonekana tena. Mtoto amekokota baiskeli hadi kwao, nami nimetoa pesa ya kingine.

Nimewaandikia ubaoni. Mtu akisimama wima bila kujitikisa, msukumo wa damu ndani ya vena za kifundo hufika milimita 80 hadi 90 za zebaki, kwa sababu kifundo kinabeba nguzo nzima ya damu kutoka moyoni. Akitembea, misuli ya shavu la mguu hukamua vena, vali hushika kilichopanda, na msukumo hushuka chini ya 30. Mwenye vali mbovu hutembea na usishuke vya kutosha. Maji huvuja kwenye nyama. Chembe za damu huvuja nayo, chuma chake kikabaki kwenye ngozi, ndio ule weusi. Mwisho ngozi hupasuka, na kidonda cha hapo huchukua miezi, wakati mwingine miaka.

Mtoto mmoja akauliza maji yanayovuja kwa mtu mzima huenda wapi. Miaka 26 nimefundisha ateri na vena, sikuwahi kufundisha njia ya tatu. Nimewaambia ipo mishipa mingine, myembamba, isiyo na damu, inayokusanya maji hayo na kuyarudisha karibu na moyo. Mtaliano Gaspare Aselli aliiona mwaka 1622 alipompasua mbwa aliyetoka kula: nyuzi nyeupe kama maziwa tumboni. Njiani ina vituo vya kuchuja wadudu. Msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, ndiyo mtoki?" Ndiyo mtoki. Ukijikata unyayoni na kinena kikavimba, ni kituo hicho kinachofanya kazi. Watoto wa pwani wanaujua mtoki tangu wadogo, na mimi nilikuwa sijauunganisha na kitu chochote.

Jumamosi, 7 Februari

Soksi ya kubana hupimiwa asubuhi, mguu ukiwa haujajaa. Daktari aliniambia. Nimekwenda alasiri baada ya soko. Muuzaji amepima mguu uliojaa na kunipa saizi ya mguu uliojaa.

Jumapili, 8 Februari

Nimeivaa alfajiri. Kufika saa tatu imeteremka na kujikunja kifundoni, ikawa pete inayobana mahali pamoja, na juu yake mguu ukafura. Nimeivua haraka. Dukani wamekataa kubadilisha kwa kuwa imekwisha valiwa. Nimenunua nyingine, safari hii nimepimwa asubuhi, nguvu yake milimita 20 hadi 30 za zebaki.

Kuivaa kumechukua dakika 17. Binti yangu amenionyesha: unaigeuza ndani nje hadi kisigino, unaingiza vidole, unapandisha kidogo kidogo kwa glavu za kuoshea vyombo, kwa sababu kucha hutoboa na mkono mtupu huteleza. Mguu uwe mkavu kabisa. Februari ya Tanga haina mguu mkavu. Tumepepea kwa ungo.

Alasiri nimekwenda kwa bibi jirani, nyumba ya nne. Miaka mingi nampita barazani pake, namwamkia, macho yangu yakiwa juu. Mguu wake wa kulia ni matende. Leo nimemwomba anionyeshe anavyoutunza. Ameniangalia sana. "Mwanangu, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo."

Nilipeleka beseni langu. Mguu haukuingia. Ameniambia nilirudishe, akaagiza sufuria la pilau la shughuli.

Anaosha kwa sabuni ya kawaida na maji ya baridi. Anaanza juu, anashuka. Kila mkunjo wa ngozi anaufungua kwa vidole viwili, anapitisha kitambaa, anaufunga, anakwenda wa pili. Nimehesabu mikunjo sita. Baina ya vidole vya mguu, ambavyo vimekaribiana kama punje za kitunguu saumu, anapitisha kipande cha kanga kilichochakaa, anakivuta upande huu na upande ule, mpaka kitoke kikavu. Hapo ndipo anapokawia. Kisha anapaka dawa ya fangasi palipochubuka, anainua mguu juu ya kigoda chenye mto, anazungusha kifundo mara kumi hivi na mara kumi hivi.

Nilidhani ni usafi tu. Ameniambia zamani alikuwa akishikwa na homa ya mguu: baridi kali, mtoki, mguu unawaka, anaanguka kitandani siku tano. Kila homa ikiondoka, mguu unabaki mnene zaidi. Wahudumu wa afya walimfundisha kwamba homa ile huletwa na bakteria wanaoingilia kwenye michubuko ya vidoleni, na limfu iliyosimama haiwezi kuwafukuza. Tangu ameanza kuosha na kukausha kila siku, homa zimekuwa za nadra. Harufu imekwisha. Wajukuu wamerudi kulala chumbani kwake. Hili la wajukuu amelisema mara mbili.

Anakumbuka wapima damu waliopita usiku, saa nne na kuendelea, akawaona wendawazimu. Walikuwa na sababu. Vijidudu vya minyoo ya matende huingia kwenye damu ya juu usiku, saa ambazo mbu wanauma. Minyoo wakubwa hukaa ndani ya mishipa ya limfu miaka kadhaa na kuitanua hadi inashindwa kazi. Kwa wanaume huleta mabusha. Kingatiba ya nchi hii ilianzia Mafia mwaka 2000, ikafika mkoa wetu 2004: ivamektini na albendazoli, mara moja kwa mwaka, mtaa mzima, mwenye mguu mzima na asiye nao. Bibi alimeza kila mwaka. Dawa haikuupunguza mguu wake, kwa kuwa mishipa ilikwisha haribika. Lakini hatoi tena minyoo kwa mbu, na watoto wa mtaa huu sijaona hata mmoja mwenye mguu ule. Nimefundisha watoto waliofichiwa vidonge na wazazi kwa maneno ya mtaani kwamba vinaua uzazi. Lilinikera wakati ule, leo limeniuma.

Jioni: kushoto 27, kulia 23.

Jumanne, 10 Februari

Msiba Barabara ya 9. Nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, miguu nimeikunja upande, saa nne nzima. Mguu umekufa ganzi, halafu ukaanza kuwa mzito. Nimeunyoosha na kuuweka juu ya gunia la mchele lililokuwa karibu. Mama mmoja mtu mzima amenitazama mguu, akatazama gunia, akasema mchele ule ni wa hitima. Nimeushusha na kuomba radhi.

Baadaye nimemfuata jikoni nikamweleza. Amenisikiliza akichambua mchele, kisha akapandisha gauni kidogo. Miguu yake yote miwili imevimba, sawa kwa sawa. Nimeuliza anapolala anatumia mito mingapi. Mitatu, anasema, akilala chini pumzi inakata. Hiyo haikuwa habari ya vali. Nimemwambia aende akasikilizwe moyo kesho asubuhi, nikamweleza mwanawe na nimechukua namba ya simu.

Jioni: kushoto 28.

Jumatano, 11 Februari

Nimepiga simu. Wamekwenda. Amelazwa.

Alhamisi, 12 Februari

Daktari alisema miguuni pa kitanda painuliwe, ili usiku damu iteremke kuelekea moyoni. Mume wangu amepanga matofali juzi nilipokuwa nasahihisha madaftari. Nimelala, nimeamka na mguu mzito kuliko wakati wa kulala. Matofali yalikuwa kichwani. Kwa kumbukumbu zake mgonjwa huinuliwa kichwa, kama mama yake alivyoinuliwa.

Jana tumehamisha, tofali moja kila pembe ya miguuni. Saa nane usiku moja limepasuka. Kitanda kimeinama upande wa mume wangu, yeye akaenda sakafuni na shuka zote. Hakuumia. Tumelala godoro chini, miguu juu ya begi la nguo, na asubuhi futi imesoma 24, namba ndogo kuliko zote tangu nianze.

Ijumaa, 13 Februari

Tofali za saruji badala ya zile za udongo. Zimeshika.

Mwalimu mkuu amekubali niwekewe kiti cha juu ubaoni. Kila baada ya robo saa nanyanyua visigino mara 20, na darasa linahesabu kwa sauti. Darasa la jirani wamelalamika kwa kelele. Tumehamia kuhesabu kimya.

Nimerudi nyumbani kwa baiskeli ya binti yangu. Miaka kumi sijapanda. Mnyororo umechopoka mara mbili. Kukanyaga pedali ndiko kukamua kule kule kwa shavu la mguu, na ni rahisi kuliko soksi.

Jioni: kushoto 25 na nusu.

Jumapili, 15 Februari

Bibi jirani amemaliza sabuni. Nimempelekea miche miwili. Amenirudishia nusu mche kwa ajili ya mguu wangu.

Kisha nimekwenda kumwona mwalimu mwenzetu kijana aliyejifungua siku kumi zilizopita. Nimekuta amelazwa vizuri, amefunikwa, mkwe wake anamlisha uji wa pilipili manga. Nimetoa futi kwenye mkoba. Mkwe amesema mzazi hapimwi, na ameshika ncha ya futi akiniangalia. Nimemwomba kwa heshima, nikamsimulia mwaka wangu wa 2007 kuanzia mwanzo. Ameiachia.

Mashavu ya miguu: kulia 35, kushoto 35. Miguu haiumi, si ya moto. Nimemwambia mkwe mwenyewe, maana ndiye anayekaa naye: amnyanyue, amtembeze ndani ya nyumba kila baada ya muda, uji aunywe amekaa, maji anywe kwa wingi. Futi nimemwachia. Amenionyesha anapoiweka, ndani ya kikapu cha nguo za mtoto.

Wangu asubuhi ni 24, jioni 25. Vali hazitaota upya na weusi hautoki. Soksi ni ya kila siku, na ikilegea baada ya miezi kadhaa nitanunua nyingine.

Wewe utakayelifungua daftari hili, kama nyumbani mwako yuko mzazi, au mtu aliyetoka kulala kitandani muda mrefu, na mguu wake mmoja umevimba ghafla, unauma, au umezidi mwenzake sentimita 3, usiukande. Usiusugue. Mpeleke hospitali leo hii, na akianza kukosa pumzi usingoje hata gari la jirani lirudi.